Kidole Gumba cha Mshona Hukumu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, mwenye mgeni amwombe radhi kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hamkuwahi kuisikia sauti yake, katika redio hii wala nyingine. Lakini kazi ya mikono yake ilimgusa kila mmoja wetu, aliyejua na asiyejua. Alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, nyumbani kwa binti yake. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kazini walimwita Mama Uzi.

Mama Uzi alikuwa mshona hukumu. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: alishona hukumu. Miaka thelathini na miwili alishona hukumu za mahakama ya juu kabisa ya nchi, ile ambayo ikishasema neno, hakuna pa kulipeleka tena isipokuwa kwa Mungu.

Utasema, kwani hukumu ni nguo? Tulia, nikueleze. Majaji wakishaandika, karatasi huteremshwa chumba cha chini, nyuma ya jengo, chenye dirisha moja la nondo. Humo mlikuwa na meza ndefu, taa, gurudumu la uzi wa kijani, na msharasi, ile sindano nene ya mafundi viatu yenye mpini wa mti. Karatasi hupangwa, hutobolewa pembeni, hushonwa. Kisha jalada hufungwa kwa nje kwa uzi ule ule, na fundo hukaa mbele. Nakala saba kwa kila hukumu. Anayetaka kusoma ni lazima alifungue lile fundo.

Kazi hiyo alifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu. Siku ya kwanza mzee alimpeleka kwa msajili akaapa, mkono juu, kwamba hatatoa siri ya hukumu kabla haijasomwa, kwa neno, kwa maandishi, wala kwa ishara. Walipokuwa wakiteremka ngazi yule mzee akamwambia maneno ambayo Mama Uzi aliyakariri mpaka uzeeni. Alimwambia, "Jengo hili halina askari wala bunduki. Lina karatasi tu, na watu wanaoziamini. Likivuja, mwanangu, limeanguka."

Akashika hilo. Nyumbani hakusema lolote. Mumewe alikufa mapema na kumwachia binti mmoja, basi akawa anaishi na binti huyo, na mama yake mzazi, na mdogo wake wa kiume. Wote walijua kwamba ukimuuliza habari za kazini atakujibu kwamba uzi ni wa kijani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii haikuwa na mdomo.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa na mdomo wa nyumba nzima. Alikuwa fundi wa baiskeli, na watu walimwita Breki. Walimwita Breki kwa sababu ulimi wake haukuwa nayo. Banda lake lilikuwa kwenye kona, na ukipeleka gurudumu lililopinda utarudishiwa likiwa limenyooka pamoja na habari zote za mtaa, za bunge na za mbinguni. Alipenda kumtania dada yake. Akimwona anarudi na vipande vya uzi wa kijani vimenasa kwenye gauni, alikuwa akivibandua kimoja kimoja na kuvizungushia kwenye usukani wa baiskeli yake. Alikuwa akisema serikali haimpi kitu, basi yeye anachukua mabaki. Miaka ikapita, usukani ule ukawa wa kijani tupu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, turudi miaka ishirini na miwili nyuma. Mkuu wa nchi alikuwa amemaliza muda wake. Sheria mama ilisema miaka kumi, kisha aondoke. Bunge likamwongezea mitano bila kura ya mtu yeyote. Wananchi wakapeleka ombi mahakama ya juu, kwamba nyongeza ile ifutwe. Ombi lilikuwa na sahihi elfu nne. Mia tatu kati ya hizo zilikusanywa kwenye banda la Breki, juu ya ubao wa kukatia mipira, na nyingine zina alama za grisi mpaka leo.

Majaji walikuwa saba. Watu saba, wazee watupu, mmoja wao akitembea kwa fimbo. Lakini nchi nzima ilikaa ikiwatazama wao. Waliosema rais abaki waliwatazama wao, waliosema aende waliwatazama wao, na askari na bunduki zao nao walikuwa wakisubiri kuambiwa amri ya nani ni halali. Hiyo ndiyo nguvu ya mahakama ile. Haikuweza kumpiga mtu kofi, lakini iliweza kumpa mtu nchi.

Ilipofika siku moja kabla ya hukumu kusomwa, karatasi zikateremshwa kwa Mama Uzi. Zilikuwa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la majaji wanne, na lilikuwa na kurasa nne. Fungu la pili lilikuwa la majaji watatu waliokataa, na lilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili. Msajili alimwonyesha kwa kidole: hizi juu, hizi chini. Mama Uzi hakuwa msomi. Aliishia madarasa ya chini, na alisoma taratibu, akifuatisha neno kwa neno. Lakini mstari wa mwisho wa ukurasa wa nne ulikuwa mfupi. Ulisema ombi limekataliwa.

Akashona. Nakala saba, kurasa mia mbili na kumi na sita kila moja. Katikati ya kazi mlango ukafunguliwa, akaingia jaji mmoja mwanamke, mtu mzima, mmoja wa wale watatu. Majaji hawakuwa na desturi ya kuteremka kule. Aliangalia lile fungu nene, akaliwekea kiganja juu yake, akasema, "Shona kwa nguvu, mama. Hizi ni za watakaokuja." Kisha akatoka. Mama Uzi akashona kwa nguvu. Msharasi ulikuwa mgumu kupita, akausukuma kwa kidole gumba mpaka ngozi ikachanika, akafunga kitambaa, akaendelea.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Naomba msikilize kwa makini.

Jioni ile alifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Mama yake alikuwa anachambua mboga. Binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa anafanya hesabu za shule. Breki alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anamsubiri. Wala hakumsalimia. Alimshika mkono, akautazama ule uliofungwa kitambaa, damu imepenya, akaachia kicheko.

Binti huyo sasa ni mwalimu, ndiye aliyetusimulia haya. Anasema mjomba wake alikuwa na elimu yake ya siri, na yeye mtoto alikuwa ameambiwa. Breki alikuwa amegundua kwamba mahakama ikikataa ombi dhidi ya serikali huandika kidogo, kwa sababu kumwambia mtu hapana hakuhitaji maneno mengi. Ikikubali huandika sana, kwa sababu ni lazima ijitetee. Ikiandika kidogo, kidole cha dada kinarudi kizima. Ikiandika sana, kidole cha dada kinarudi na bandeji. Alikuwa amekisoma kidole kile kwenye kesi nne, na mara zote nne hakukosea. Hakumwambia dada yake hata siku moja, maana alijua angeanza kukificha. Hilo ndilo neno pekee ambalo Breki aliweza kumficha dada yake maishani.

Jioni ile likamtoka. Alisema, "Umeumia vizuri, dada. Hujawahi kuumia vizuri hivi."

Mama Uzi akaelewa papo hapo. Akaelewa kwamba kwa miaka mingi alikuwa amefunga mdomo huku kidole kikisema. Akaelewa pia kwamba safari hii kidole kimesema uongo. Unene ule ulikuwa wa walioshindwa.

Wasikilizaji wapendwa, jiwekeni pale. Akimwambia mdogo wake, "Hapana, umekosea," ametoa hukumu kabla haijasomwa. Amevunja kiapo, na Breki hana breki, saa moja haipiti mtaa mzima unajua, na kesho yake jengo lile halina maana tena kwa mtu yeyote. Akinyamaza, amemwacha nduguye atembee na uongo uliotoka mkononi mwake yeye.

Akajaribu kupita katikati. Alimwambia mama anatakiwa kliniki kesho asubuhi, ampeleke. Breki akajibu kliniki ipo hata keshokutwa, lakini kesho ipo kesho tu. Akamwambia kuna baiskeli ya jirani imelala bandani wiki nzima. Breki akasema jirani mwenyewe atakuwepo mahakamani, na mkewe, na watoto, kwa sababu yeye Breki anakwenda kuwaambia sasa hivi waje na watoto, maana kesho si siku ya fujo, kesho ni siku ya furaha. Mama yao akainua macho kutoka kwenye mboga.

"Mwache mwenzio," alimwambia Mama Uzi. "Ni mtu mzima."

"Mama, mwambie abaki."

"Kwa nini abaki?"

Binti anakumbuka kwamba mama yake alifungua mdomo, akaufunga, akaficha mkono chini ya meza. Breki alikuwa ameshasimama, ameshika baiskeli, anatoka. Dada yake akamwita. Akageuka.

"Nini?"

"Umesahau pampu yako."

Akarudi, akaichukua, akaondoka anapiga mluzi.

Maneno yale ndiyo aliyomwambia mwisho. Asubuhi alipoamka, Breki alikuwa ameshatoka.

Hukumu ilisomwa saa nne. Watu walikuwa wengi kuliko siku nyingine yoyote, na wengi walikuja na watoto, kama walivyoambiwa. Waliruhusiwa kuingia uani, mbele ya ngazi, ndani ya lango kubwa la chuma. Jaji mkuu alisoma kurasa nne. Kurasa mia mbili na kumi na mbili hazikusomwa. Alisema tu kwamba wenzake watatu wana maoni tofauti na yamo jaladani. Ilichukua dakika kumi na moja.

Watu hawakuamini. Walikuwa wamekuja kushangilia, na mtu aliyekuja kushangilia hajui aweke wapi mikono yake. Wakabaki wamesimama. Wakaambiwa watawanyike. Wakabaki wamesimama. Yakarushwa mabomu ya machozi, na watu wote wakakimbilia langoni. Lango lile, wasikilizaji, lilifunguka kwa kuvutwa ndani. Msukumo wa waliotangulia ulilifunga, na kila waliposukuma ndivyo lilivyozidi kufungika. Mama Uzi alikuwa chumba cha chini. Alisikia chuma. Alisema alisikia chuma kwanza, kisha watu, kisha hakusikia kitu.

Walikufa watu kumi na mmoja. Breki alikuwa mmoja wao. Waliomwona wanasema alikuwa amepenya tayari, alikuwa karibu na ukuta wa pembeni ambapo angesalimika, akarudi katikati kwa sababu aliwaona watoto wa jirani. Watoto wale walipona. Jirani yupo, anatusikiliza, na alituomba tuliseme hilo.

Jioni yake Mama Uzi alitoka kwa mlango wa nyuma. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nje, usukani wa kijani, pampu imefungwa mahali pake. Akaikokota mpaka nyumbani. Hakuipanda. Mama yake alipoiona inaingia bila mwenyewe, alielewa.

Wengi walimshauri aache kazi. Alirudi baada ya siku tatu. Majirani wakasema moyo wake ni wa jiwe, na wengine wakasema amenunuliwa. Yeye akaendelea kushona. Baada ya mwaka mmoja na nusu familia za marehemu zilifungua kesi. Walitaka mahakama iseme nani alifunga lango, nani alirusha mabomu ndani ya ua. Mama yake alikuwa miongoni mwa walioshitaki, akienda na picha ya mwanawe kwenye mfuko wa plastiki. Kesi ilipanda ngazi mpaka ikafika juu, kwa majaji wale wale saba, isipokuwa wawili waliokuwa wamestaafu. Yule jaji mwanamke alikuwa mmoja wa waliostaafu.

Karatasi zikateremshwa chumba cha chini. Msajili mpya alimwambia kwamba kama hawezi kuzishona, ataeleweka. Akasema ataweza. Zilikuwa kurasa sita. Zilisema lango lilikuwa katika hali nzuri na hakuna wa kulaumiwa.

Alizishona nakala zote saba, na siku ile kidole chake kilirudi nyumbani kizima.

Mama yake alikuwa kizingitini, pale pale alipokuwa akikaa Breki. Aliutazama ule mkono. Binti anasema bibi yake hakuwahi kufundishwa elimu ile ya mjomba, lakini aliutazama ule mkono, akainuka, akaingia ndani, akaiweka picha kabatini. Alifariki kabla mwaka haujaisha.

Tangu siku ile Mama Uzi akawa anafunga kidole gumba kwa bandeji kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hukumu iwe nene, iwe nyembamba, isiwepo kabisa. Wenzake walidhani ni kidonda kisichopona, wakamletea dawa. Alizipokea, akashukuru. Alifunga kidole kile miaka tisa, mpaka siku ya kustaafu, na baada ya kustaafu hakuacha.

Siri hii aliitoa wiki tatu kabla ya kufa. Binti yake alikuwa anambadilisha bandeji, kama kawaida, akamuuliza kwa mara ya mia, mama, hii ya nini? Safari hii akajibiwa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Binti akamuuliza kwa nini hakuondoka katika jengo lile lililomla nduguye. Akasema, "Ningeondoka, nani angejua iko wapi ile ya chini?"

Alimaanisha zile kurasa za majaji watatu zilizoshonwa chini, maana alikuwa akienda kuzitazama. Nakala moja ya hukumu ile imehifadhiwa masjala, chumba cha majalada, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuomba kuisoma. Alipostaafu alikwenda kila mwaka, tarehe ile ile. Anajaza fomu, analetewa jalada, analiangalia fundo. Fundo lake alilijua, alikuwa analizungusha mara mbili kuelekea kushoto, na hakuna mwingine aliyefunga hivyo. Kila mwaka alilikuta vilevile alivyolifunga. Alikwenda mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja hakuna mkono mwingine uliokuwa umeligusa.

Yeye mwenyewe hakulifungua. Binti alimuuliza kwa nini. Alisema hakushona kwa ajili yake mwenyewe.

Alijilaumu mpaka mwisho, tusidanganyane. Hakupata faraja. Binti alimwambia kwamba aliyeua ni lango na waliorusha mabomu, na kabla yao ni zile kurasa nne. Mama Uzi akasema anajua. Akasema wale wanne walitumia maneno, na yeye alitumia kunyamaza, na Breki aliyaamini yote mawili. Hayo ndiyo maneno yake, na mtangazaji wenu hana la kuongeza wala kupunguza.

Kwa mwalimu, binti wa marehemu, tunasema pole. Pole, mwanetu, kwa mama, kwa bibi na kwa mjomba. Kwa jirani na wale watoto wawili, ambao sasa ni wazazi, poleni. Kwa familia nyingine kumi ambazo majina ya watu wao hayakuandikwa popote isipokuwa katika zile kurasa sita, poleni pia. Mama Uzi amezikwa kando ya mdogo wake. Bandeji waliitoa. Mwalimu anasema kidole chini yake kilikuwa laini, hakina kovu hata moja.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaacha na jambo moja. Kurasa nne zilisomwa mbele ya watu kwa dakika kumi na moja, na nchi ikaenda zilikoelekeza. Kurasa mia mbili na kumi na mbili zipo. Waliziandika watu watatu waliojua kwamba wameshindwa, na akazishona mwanamke aliyechanika kidole. Hatujui zinasema nini, kwa sababu hatujaenda kuzisoma.

Masjala inafunguliwa saa mbili asubuhi. Fomu ni ukurasa mmoja. Utaletewa jalada lenye uzi wa kijani, na fundo lililozungushwa mara mbili kuelekea kushoto. Lifungue.